KPop Demon Hunters: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ya wazazi, vijana, na watu wazima waliochelewa kuiona filamu hii wakajikuta nyumba nzima inaimba wimbo mmoja. Sehemu ya kwanza unaweza kuisoma hata kama hujaitazama. Kuanzia sehemu ya nyimbo tunasema kila kitu, mpaka mwisho wa hadithi, kwa hiyo asiyependa kuharibiwa uhondo aishie hapo.

## Mambo ya msingi

Ni filamu gani hasa?

Ni filamu ya katuni yenye muziki, iliyotengenezwa na Sony Pictures Animation na kuanza kuonyeshwa Netflix tarehe 20 Juni 2025. Waongozaji ni wawili, Maggie Kang na Chris Appelhans. Wahusika wakuu ni wasichana watatu wa Seoul, Rumi, Mira na Zoey, wenye kundi la K-pop, yaani muziki wa pop wa Korea Kusini, liitwalo HUNTR/X. Jukwaani ni nyota wanaojaza viwanja. Nje ya jukwaa wanawinda mapepo yanayokula roho za watu. Mapepo nayo yanachoka kupigwa, yanakuja na hila: yanaunda kundi lao la wavulana watanashati, Saja Boys, ili kuwanyang'anya wasichana mashabiki.

Ukisimuliwa hivyo unaona upuuzi mtupu. Filamu inalijua hilo, na inacheka kabla hujaanza kucheka wewe. Zoey anapomwona kijana mwenye kifua cha mazoezi, macho yake yanageuka mahindi, kisha mahindi yanalipuka kuwa bisi. Dakika chache baadaye filamu hiyohiyo inakupa kitu cha kukukaba koo.

Ni ya Kikorea au ya Kimarekani?

Kampuni na fedha ni za Marekani. Uhuishaji ulifanywa na Sony Pictures Imageworks, ambayo makao yake yapo Vancouver, Kanada. Maggie Kang alizaliwa Seoul akakulia Toronto. Wahusika wanaongea Kiingereza, na Kikorea kimechanganywa ndani ya nyimbo. Lipo pia toleo lenye sauti za Kikorea. Karibu waigizaji wote wa sauti wana asili ya Korea.

Huko Korea Kusini swali hili limezua mjadala wenye uchungu kidogo: mila ni zetu, muziki ni wetu, mbona faida inaingia mifuko ya wengine? Ni hoja ya haki. Ila ukiitazama filamu yenyewe, haina macho ya mtalii. Aliyeitunga anawajua watu anaowasema.

Lazima niwe shabiki wa K-pop?

Hapana. Wanaofuatilia K-pop watacheka zaidi kwenye mizaha ya meneja, hafla za kusaini albamu na taa za mkononi za mashabiki, basi.

HUNTR/X na Saja Boys wapo kweli?

Ni makundi ya kubuni. Sauti unazozisikia zikiimba ni za watu halisi, tazama "Nani anaimba?" hapo chini. Watatu wa kundi halisi la TWICE, yaani Jeongyeon, Jihyo na Chaeyoung, nao walirekodi toleo lao la wimbo "Takedown", linalosikika mwishoni majina yanapopita.

Imefanikiwa kiasi gani?

Kufikia mwishoni mwa Agosti 2025 ilikuwa imeshakuwa filamu iliyotazamwa kuliko zote katika historia ya Netflix. Wimbo wake "Golden" ulishika namba moja kwenye Billboard Hot 100, chati ya nyimbo ya Marekani, kwa jumla ya wiki nane. Kuna wakati nyimbo nne za filamu hii zilikuwa ndani ya kumi bora kwa pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa filamu yoyote. Tarehe 23 na 24 Agosti ilipelekwa majumba ya sinema ya Marekani Kaskazini katika toleo la watazamaji kuimba pamoja, ikaongoza mauzo ya wikiendi ile ingawa ilikuwa imeshakaa miezi miwili Netflix. Januari 2026 ilichukua tuzo mbili za Golden Globe, ya filamu ya katuni na ya wimbo. Mwezi uliofuata "Golden" ikapata Grammy.

Cha kuangalia ni namna ilivyopanda. Haikuanza na kelele kubwa za matangazo. Iliongezeka watazamaji wiki baada ya wiki, wakati filamu nyingi hushuka baada ya wiki ya kwanza. Watu waliirudia, na walioirudia zaidi ni watoto, ambao wakipenda kitu hawana aibu kukitazama hata mara ishirini.

## Nyimbo

Nani anaimba?

Kila mhusika mkuu ana watu wawili, wa kuongea na wa kuimba. Rumi anaongea kwa sauti ya Arden Cho na kuimba kwa sauti ya EJAE. Mira ni May Hong na Audrey Nuna. Zoey ni Ji-young Yoo na Rei Ami. Jinu, kiongozi wa Saja Boys, anaongea kwa sauti ya Ahn Hyo-seop na anaimbiwa na Andrew Choi. Gwi-Ma, mfalme wa mapepo ambaye hana mwili ila moto mkubwa wenye mdomo, ni Lee Byung-hun.

Habari ya EJAE inafaa kujulikana. Alikaa zaidi ya miaka kumi akifunzwa na kampuni ya SM Entertainment ya Korea, tangu utotoni, na hakuwahi kuchaguliwa kuingia kwenye kundi. Akageukia utunzi. Filamu hii aliijia kama mtunzi, akawa anarekodi nyimbo za majaribio, na sauti ya majaribio ndiyo ikabaki. Binti aliyeambiwa hatoshi ndiye anayemwimbia mhusika anayeficha alichonacho. Hakuna mwandishi angethubutu kutunga sadfa kama hiyo.

Kwa nini nyimbo zinanasa kichwani kiasi hiki?

Sababu ya kwanza ni ya kiufundi: zilitungwa na watu wanaotunga K-pop kweli, akiwemo Teddy Park na wenzake wa kampuni ya muziki ya The Black Label. Ukizitoa kwenye filamu ukazipiga redioni, zinasimama peke yake. Filamu nyingi za muziki zina nyimbo ambazo nje ya hadithi hazina maisha.

Sababu ya pili, kwangu ndiyo kubwa, ni kwamba kila wimbo unafanya kazi ndani ya hadithi. Chukua "Takedown". Ni wimbo wa kuwatukana mapepo, na wasichana wameutunga ili wawamalize Saja Boys. Lakini Rumi ni nusu pepo, na wenzake hawajui. Kila mstari wa kejeli wanaouandika unamchoma yeye, na yeye anatabasamu, anashauri, anajaribu kuulainisha bila kusema kwa nini. Wimbo huohuo ndio unaotumika kumvua nguo mbele ya umati kwenye hafla ya tuzo. Mtoto anaucheza kwa sababu ya mdundo. Mtu mzima anasikia jambo jingine kabisa.

"Golden" nayo inasikika kama wimbo wa ushindi, na ukisikiliza vizuri ni wa mtu anayejidanganya. Rumi anaamini pazia la ulinzi linalozuia mapepo likigeuka dhahabu, alama za pepo mwilini mwake zitafutika, hatakuwa na cha kuficha tena. Anapofika sauti ya juu kabisa, koo linakataa. Kwa hiyo ule wimbo ambao dunia nzima inaushangilia, ndani ya filamu ndio unaomshinda mwenyewe kuuimba.

Kweli "Golden" ni ngumu kuimba?

Ngumu mno. Inapanda hadi A ya oktava ya tano, na inapanda kwa nguvu, si kwa sauti nyembamba ya kuchungulia. Waimbaji wa kwaya wanaojua kazi wataelewa. Wengine tushushe tu funguo.

Nyimbo za Saja Boys zinatofautianaje?

"Soda Pop" ni tamu kupita kiasi, makusudi. Inaimbwa mtaani, rangi za pipi kila mahali, na hata wasichana waliokuja kupigana wanajikuta wanatikisa mabega. Baadaye inakuja "Your Idol", iliyofunguliwa kwa sauti za kwaya kama za ibada, na vijana walewale wamevaa majoho meusi na kofia nyeusi. Hapo wanasema wazi wanachokitaka kwa shabiki, nacho ni roho yake. Biashara nzima ya kuabudu nyota imechanwa katika wimbo mmoja, na filamu inayouchana ni yenyewe sehemu ya biashara hiyo. (Kuhusu mtoto anayeuimba wimbo huu, tazama sehemu ya wazazi.)

## Mila na maisha ya Korea ndani ya filamu

Kwa nini wanapigana na mapepo kwa kuimba?

Hili halikubuniwa ili tu kupata kisingizio cha muziki. Korea ina waganga wa jadi waitwao mudang, wengi wao wanawake, na ibada yao, gut, huendeshwa kwa ngoma, nyimbo, kucheza na mavazi ya rangi kali. Kwa kufanya hivyo husemesha mizimu, huituliza au huifukuza. Msomaji wa Pwani hahitaji maelezo marefu: anayejua ngoma ya kupunga pepo anaelewa mara moja jinsi mdundo unavyoweza kuwa dawa.

Filamu inaanza zama za kale na wanawake watatu wa aina hiyo, kisha inashuka kizazi kwa kizazi. Nguo zinabadilika, ala zinabadilika, wanakuwa watatu wa kila zama, mpaka tunafika kwa HUNTR/X. Wakorea wengi waliona humo vivuli vya makundi halisi ya wanawake, kama Kim Sisters waliokwenda kuimba Las Vegas mwaka 1959. Kwa dakika chache za utangulizi, tasnia ya pop imepewa ukoo.

Honmoon, lile pazia linalong'aa linalozuia mapepo, ni la kubuni. Ila linashikiliwa na sauti za waimbaji pamoja na mioyo ya wanaosikiliza, na kila aliyewahi kuwa kwenye umati unaoimba wimbo mmoja atakubali kuwa kitu kama hicho kipo.

Zile kofia nyeusi za Saja Boys ni nini?

Inaitwa gat, kofia ya wanaume wa enzi ya Joseon, ufalme wa zamani wa Korea, inayosukwa kwa mianzi na manyoya ya farasi, nyepesi na ya kuonea upande wa pili. Katika simulizi za Korea mjumbe wa kifo, jeoseung saja, ndiye huja amevaa joho jeusi na gat kumchukua marehemu. Kwa Mkorea, kundi hilo likitokea na vazi hilo, habari imekwisha: hawa ni watoa roho. Sisi tunaona mitindo. Wao wanaona msiba unapiga hodi.

Simbamarara wa bluu na ndege mwenye macho sita wanatoka wapi?

Wanatoka kwenye michoro ya kienyeji ya Korea, minhwa. Kuna mchoro maarufu sana wa simbamarara ameketi chini ya msonobari na ndege mweusi kwa mweupe wa jamii ya kunguru, kkachi, juu ya tawi. Watu waliubandika nyumbani mwaka mpya kufukuza mabaya. Ndege huyo huleta habari njema. Simbamarara, cha ajabu, huchorwa na macho ya makengeza na sura ya bwege, na wengi huusoma kama utani kwa mabwanyenye: mnyama mkubwa anayechekwa na ndege mdogo.

Filamu imeuchukua utani huo mzima. Simbamarara anapeleka barua za Jinu kwa Rumi, anaangusha chungu cha ua, anajaribu kukisimamisha, kinaanguka tena, anajaribu tena, uso wake haubadiliki. Ndege amevaa kofia ndogo ambayo Jinu alimtengenezea simbamarara. Basi, hiyo ndiyo hadithi yao yote, wala hawasemi neno.

Matokeo yake yalionekana hata nje ya filamu. Beji za simbamarara na ndege zinazouzwa na Makumbusho ya Taifa ya Korea jijini Seoul ziliisha dukani, na mwaka 2025 makumbusho hayo yakavuka wageni milioni 5 kwa mara ya kwanza.

Silaha zao nazo zina asili?

Ndiyo. Upanga wa Rumi umefuata panga za kale za kufukuza mabaya, zilizofuliwa kwa kungoja mwaka, mwezi, siku na saa ya simbamarara katika kalenda ya jadi. Visu vya Zoey vinafuata visu vya ibada vya mudang. Mira ana mpini mrefu wenye ubapa uliopinda.

Kuna vitu gani vidogo Wakorea wanavifurahia ambavyo sisi tunavipita?

Vingi. Ninachokipenda ni kipande cha karatasi. Wakiwa mgahawani, kijiko na vijiti vinalazwa juu ya tishu badala ya mezani moja kwa moja, kama watu wanavyofanya kwenye migahawa ya kawaida ya Seoul. Hakuna anayekitaja, hakuna kamera inayokisogelea.

Halafu dawa. Rumi akiwa hana sauti wanaenda kliniki ya tiba asilia, na tabibu anawapa dawa kwenye vifuko vya plastiki, jinsi dawa za mitishamba zinavyotolewa kweli huko. Baadaye inagundulika ni juisi ya zabibu. Na yule anayekula gimbap, yule wali uliozungushiwa mwani, anaing'ata nzima bila kuikata vipande. Nyota wa kike wa katuni anayejaza mashavu kiasi hicho ni nadra. Kang amesema wazi alitaka wanawake wanaokula, wanaofanya vituko, wanaotoka sura mbaya.

Maeneo ya Seoul ni ya kweli?

Ni ya kweli: mnara wa Namsan, ukuta wa kale wa mji ambako Rumi na Jinu wanatembea usiku, nyumba za jadi za Bukchon, mtaa wa maduka wa Myeongdong.

Je, ni lazima nijue haya yote ndiyo niielewe?

La, na hapo ndipo siri ya mvuto wake ilipo. Filamu haisimami kumfafanulia mgeni. Haina mhusika wa kutoka nje anayeuliza "hii ni nini?" ili ajibiwe kwa niaba yetu. Inakuamini. Usipojua gat ni nini bado unaona kofia inatisha. Usipojua minhwa bado unacheka. Ukijua, unapata ghorofa nyingine. Watazamaji wetu waliokulia kwenye tamthilia za Kikorea walishazoea kuingia nyumba ya watu na kujifunza kwa kutazama.

## Rumi, Jinu na mwisho wa hadithi

Alama za Rumi zinamaanisha nini?

Filamu haitaji maana moja, na imefanya vizuri. Mama yake alikuwa mwindaji, baba pepo. Alama zinaota mwilini kila aibu inapozidi. Kuna wanaoona humo watu wa damu mbili, wengine ugonjwa unaofichwa, wengine siri ya familia, wengine nyota wa K-pop asiyeruhusiwa kuonyesha doa. Zote zinaingia.

Kwa nini Rumi hakubali kwenda kuoga na wenzake?

Nchini Korea kwenda bafu la umma na marafiki ni jambo la kawaida, na ni ishara ya kuaminiana, kwani humo mnavua kila kitu. Mira na Zoey wanamwomba twende, twende, naye kila mara ana udhuru. Kwa mtazamaji wa nje ni kichekesho kidogo. Kwa anayejua, hapo urafiki wao wote umepimwa na umepungua: wanamuua pepo pamoja lakini hawajawahi kumwona mwenzao alivyo. Na pigano likija kutokea bafuni, anayeziona alama ni Jinu, adui, naye anamsitiri. Mila ya kawaida kabisa imegeuzwa kuwa mhimili wa hadithi.

Jinu ni mwema au mbaya?

Miaka 400 iliyopita alikuwa maskini mwenye kinanda cha nyuzi, akafanya mapatano na Gwi-Ma, akaingia ikulu kula vizuri na kumwacha mama na dada yake kwenye njaa. Kwanza anamsimulia Rumi kwa kujipamba. Ukweli unatoka baadaye. Mwishoni anatoa roho yake kumwokoa. Ubaya wake haufutwi na tendo hilo, na filamu haijidai kuufuta.

Celine, mlezi wa Rumi, alikosea wapi?

Alimpenda mtoto, akamfundisha kujificha. Soma pia jibu linalofuata.

## Kwa wazazi

Inafaa umri gani?

Marekani imepewa PG, yaani mzazi awe karibu. Hakuna damu za kutisha. Mapepo yakipigwa yanapotea kama moshi wa rangi. Mimi ningesema miaka saba na kuendelea, na chini ya hapo ukiwa umekaa pembeni. Tukio zito si la kupigana. Ni pale Rumi, siri ikiwa imefichuka, anapomwendea Celine aliyemlea na kumwomba amuue, na Celine hawezi, lakini bado hawezi pia kumtazama usoni. Mtoto anaweza kuuliza. Uwe tayari.

Inafundisha ushetani?

Swali hili linaulizwa sana, misikitini na makanisani, nami silidharau. Ndani ya hadithi mapepo ni waongo na walaji wa watu, na wanashindwa. Hakuna anayefundishwa kuwaita wala kuwaomba. Ila ni kweli kwamba ulimwengu wa filamu ni wa waganga na mizimu ya Korea, hauna Mungu mmoja anayetajwa, na pepo mmoja anapendwa na mtazamaji. Familia ambayo hayo yanaikera ina haki ya kuiacha. Isiyokerwa inaweza kutazama na kuzungumza.

Mwanangu anaimba "Your Idol" kutwa. Nimkataze?

Muulize anayeimba ni nani kwenye filamu. Ukijibiwa "mapepo, wanadanganya mashabiki", ameelewa kuliko watu wazima wengi.

## Mengineyo

Ina kasoro?

Zipo. Mira na Zoey wamepewa historia ya sentensi mbilitatu kila mmoja, na inauma kwa sababu ni wazuri. Upatanisho wa mwisho umekimbizwa: watatu wamevunjikana vibaya, wimbo mmoja unapita, wameshashikana mikono. Wimbo ni mzuri, ila kilio kilihitaji dakika tano zaidi. Saja Boys wanne waliobaki wana majina na nywele tu.

Kutakuwa na sehemu ya pili?

Novemba 2025 iliripotiwa Marekani kwamba Sony na Netflix wamekubaliana, na mwaka uliotajwa ni 2029. Filamu za katuni huchukua muda. Hii ya kwanza ilitangazwa mwaka 2021.

Nitazame kwa Kiingereza au kwa sauti za Kikorea?

Mara ya kwanza Kiingereza, kwa sababu ndicho midomo na mizaha vilipangiwa. Mara ya pili weka Kikorea na maandishi chini. Tukio la mgahawani na lile la kliniki yanabadilika kabisa yakiwa kwa Kikorea, hasa namna wadogo wanavyomsemesha mkubwa.